Kitenzi Kinapofika Mezani

Mpe msomaji wa kawaida muundo wa mtaala wa Gredi ya 7. Ataufungua, atapitisha macho kwenye dibaji na malengo ya kitaifa ya elimu, kisha ataufunga kwa adabu. Mtathmini mzuri wa mtaala huanzia pale msomaji huyo alipochoka. Huziruka dibaji zote, akaenda moja kwa moja kwenye majedwali, akachagua mstari mmoja tu na kuusoma kutoka kushoto kwenda kulia: mada, mada ndogo, matokeo maalumu yanayotarajiwa, mapendekezo ya shughuli za ujifunzaji, swali dadisi. Penseli iko mkononi, na anachokitafuta ni vitenzi.

Kazi hii nimeitazama kwa karibu, na naistahi kuliko ile ya kutunga mtaala. Anayetunga ana ruhusa ya kuota. Anayetathmini huichukua ndoto ya mwenzake, akaifuata hadi darasani bila kuidhihaki, akaeleza imefika wapi na imekwama kwa sababu gani. Hapigiwi makofi. Ripoti yake ikitoka, walioutunga mtaala husema amekuwa mkali na walioupinga husema amekuwa mpole, naye huwa amekwisha kwenda kwenye mstari mwingine.

Somo ninalolizungumzia ni lile la awali la kiufundi linalofundishwa katika Sekondari Msingi nchini Kenya, Gredi ya 7 hadi ya 9, ambalo walimu wamelikata jina wakaliita "Pre-Tech". Ndani yake mna usalama kazini, uchoraji wa kiufundi, malighafi, zana, kompyuta na ujasiriamali. Ni somo changa. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi, CBC, waliingia Gredi ya 7 Januari 2023. Mwaka uliofuata, baada ya jopokazi la Rais lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu kutaka mzigo upunguzwe, masomo yalishuka hadi 9, na Kompyuta na Biashara, yaliyokuwa yakisimama peke yake, yakaingizwa humo. Vipindi ni 4 kwa wiki, dakika 40 kila kimoja.

Chukua mstari unaohusu zana za kupimia na kutia alama. Mwanafunzi anatarajiwa kuzitambua zana, kuchagua inayofaa kwa kazi aliyopewa, kuitumia na kuitunza. Ni vitenzi vinne visivyolingana uzito. Kutambua kunaweza kumalizwa kwa picha ukutani. Kuchagua kunataka zana zaidi ya moja mezani, tena na kazi ya kweli, maana mtoto hawezi kuchagua kati ya guni na bikari ikiwa mbele yake pana rula peke yake. Kutumia kunataka kipande cha ubao, penseli iliyochongwa na muda wa kukosea na kurudia. Kutunza kunataka kabati lenye kufuli na mtu anayejua ufunguo uko kwa nani. Mtathmini huandika pambizoni, mbele ya kila kitenzi, kile kinachohitajika ili kitenzi hicho kiwezekane. Halafu huhamia safu ya shughuli kuona kama vyote vinne vimevuka. Mara nyingi kimoja huponyoka njiani: matokeo yanasema mwanafunzi atumie guni, shughuli inasema wanafunzi wajadiliane katika makundi kuhusu matumizi ya guni. Mtu anaweza kujadili guni mwaka mzima na asichore mstari mmoja ulionyooka.

Usomaji huu una ukoo wake. Marekani ilipofanya utafiti wa miaka minane kuanzia 1933, katika shule za sekondari zipatazo 30, Ralph Tyler aliliongoza kundi la watathmini lililokataa mtihani wa kukumbuka uwe kipimo cha kila kitu. Waliwarudishia walimu swali: mnataka mwanafunzi aweze kufanya nini, na ni wapi tutamwona akikifanya? Mwaka 1949 Tyler alitoa kitabu chembamba chenye maswali manne ambayo wakuza mitaala hawajaweza kuyakwepa: shabaha ni ipi, tajriba gani zitaifikia, zipangwe vipi, na tutajuaje kwamba imefikiwa. Majedwali ya KICD, taasisi ya Kenya ya ukuzaji mitaala, ukiyatazama vizuri ni maswali hayo hayo yaliyolazwa ubavu.

Jedwali hata hivyo ni karatasi. Mwaka 1979 John Goodlad, Mmarekani mwingine, alieleza pamoja na wenzake kwamba ndani ya mtaala mmoja huishi mitaala mitano: ule unaotamaniwa na wenye maono, ule ulioandikwa ukapitishwa, ule ambao mwalimu anaamini ndio alioagizwa, ule unaofundishwa kweli, na ule anaoondoka nao mwanafunzi. Mtu akisema "mtaala wetu wa teknolojia ni mzuri" bila kusema anazungumzia upi kati ya hiyo mitano, hajasema kitu. Mtathmini hodari huifuata yote. Wa tatu ndio unaonivutia zaidi, kwa kuwa ndio rahisi kusahauliwa. Baada ya masomo kuunganishwa, mwalimu aliyesomea Biashara anaweza kujikuta na jiliwa mezani, na aliyesomea Kompyuta akatakiwa aeleze jinsi ya kuzima moto wa mafuta. Kila mmoja huusoma muundo ule ule kwa miwani ya taaluma yake, akatafuta kurasa anazozifahamu na kukaa humo muda mrefu. Hili halionekani katika mpango wa kazi aliomkabidhi mwalimu mkuu. Huonekana ukiomba daftari za wanafunzi na kuhesabu kurasa zilizokwenda kwa kila mada.

Halafu kuna hesabu ambayo watunga mitaala huiogopa. Chukua darasa la wanafunzi 48 na kompyuta 8 zinazowaka. Kila kompyuta ina watoto 6. Kipindi ni dakika 40, na tuseme 10 zinakwenda katika kuingia, kukaa na kuwasha mashine. Zinabaki 30. Kila mtoto ana dakika 5 za kugusa kibodi, kama zamu zinagawanywa kwa haki, na mara chache zinagawanywa kwa haki. Mtathmini huifanya hesabu hii kabla ya kumlaumu mwalimu yeyote. Akikuta muundo unataka mwanafunzi aunde programu yake mwenyewe ndani ya vipindi viwili, anajua kwamba katika shule hiyo kitenzi "kuunda" kimepewa dakika 10. Hapo anaweza kupendekeza jambo la maana: vipindi viwili viunganishwe kuwa kimoja, au nusu ya darasa iwe kwenye michoro huku nusu nyingine iko kwenye kompyuta. Kuna pia vishikwambi. Mpango wa ujuzi wa kidijitali ulioanza kusambazwa 2016 ulipeleka vifaa zaidi ya milioni 1 katika shule za msingi, na Sekondari Msingi nyingi zimo katika nyua hizo hizo. Basi mtathmini huuliza vilipo, huomba vitolewe, huviwasha kimoja kimoja. Orodha ya mali ya shule haimtoshi.

Darasani hukaa nyuma, kimya, na hatazami sana ubao. Hutazama mikono. Nani ameshika tupa na nani ameshika daftari? Kwenye kundi la watoto 6, ni yupi aliyeketi mbele ya kibodi tangu kengele ilipolia, na ni msichana yupi anayemsomea maagizo kutoka kitabuni bila yeye kugusa chochote? Mtathmini asiye na subira angeuliza darasa zima, "Mmeelewa?" na kuandika kwamba limeitikia ndiyo. Huyu wetu husubiri kipindi kiishe, akamwita mtoto mmoja kando na kumpa kipande cha mbao chenye ukingo mmoja ulionyooka. Hamuulizi guni ni nini. Humwambia: nichoree mstari wa kukata, sentimita 12 kutoka hapa. Kisha hutazama kama shina la guni limeegemezwa ukingoni kabla ya penseli kushuka, au mtoto ameiweka katikati ya ubao na kukisia. Nusu dakika inatosha, nayo humwambia mengi kuliko karatasi ya maswali 20.

Kwenye kompyuta ana njia nyingine, na hii ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Wanafunzi hujifunza kupanga programu kwa vitalu vya kuonekana, na chombo kinachojulikana zaidi kwa kazi hiyo ni Scratch, kilichotolewa na chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007, chenye yule paka wa rangi ya machungwa anayetembea kwenye kioo. Ni rahisi mno kudanganywa na paka huyo. Darasa zima linaweza kuwa na paka anayetembea, kwa sababu vitalu vimenakiliwa kutoka kitabuni kimoja baada ya kingine. Mtathmini hamwambii mtoto aiendeshe programu. Huweka kidole juu ya kitalu kimoja, tuseme kile kinachorudia mara 10, na kuuliza: nikikiondoa hiki, paka atafanya nini? Mtoto aliyeelewa hunyamaza kidogo, macho yake yakashuka kwenye vitalu moja kwa moja, ndipo akajibu. Aliyenakili hunyoosha mkono kwenye kipanya ili ajaribu kwanza. Kujaribu si kosa, na ndivyo watengenezaji programu wengi wanavyofanya kazi, ila hapa kumeonyesha kwamba picha ya mambo bado haimo kichwani. Baadaye huja ombi la pili: mfanye paka ageuke akifika ukingoni. Kubadilisha kazi iliyokwisha kufanywa hupima zaidi kuliko kuanza upya, maana humlazimisha mtoto asome kabla ya kuandika.

Uingereza waliupita mlango huu wa kufundisha programu kabla ya Kenya. Mwezi Januari 2012 taasisi ya wanasayansi ya Royal Society ilitoa ripoti iliyoeleza kwamba somo la teknolojia ya habari lilikuwa limesinyaa katika shule nyingi hadi kubaki ujuzi wa kutumia programu za ofisini. Kuanzia Septemba 2014, mtaala wa England ulidai wanafunzi wa miaka 11 hadi 14 watumie lugha mbili au zaidi za programu, angalau moja iwe ya maandishi. Kitenzi kilibadilishwa kwa kalamu. Mwaka 2017 taasisi ile ile ilirudi kuangalia, ikakuta ufundishaji wenye viraka na uhaba wa walimu wa somo hilo. Kilichonigusa ni kule kurudi. Wengi wakishatoa ripoti yenye kishindo huhamia jambo jingine.

Tufike kwenye safu ambayo walimu wa Kenya huilalamikia sana, ile ya viwango vya kutathmini: kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio, mbali na matarajio. Mtu wa nje hudhani tatizo ni wingi wa viwango. Mtathmini anajua ugonjwa uko kwenye vielezi. "Anapima kwa ustadi." "Anapima ipasavyo." "Anapima kwa kiasi." Ukiwapa walimu wawili kipande kimoja cha kazi, mmoja ataona ustadi, mwingine ataona "ipasavyo", na wote watakuwa na haki. Kwa hiyo yeye hufanya hivyo hasa: huchukua kazi za wanafunzi, hufuta majina, huwapa walimu wawili waliotengana kila mmoja achague kiwango, halafu hulinganisha. Panapotofautiana haulizi nani amekosea. Hurudi kwenye kielezi na kukipiga msasa hadi kiwe kitu cha kuonekana kwa macho: kipimo kisipishane na kilichoagizwa kwa zaidi ya milimita 1, mistari miwili ya kukata ikutane kwa pembe mraba, mwanafunzi akague kazi yake kabla ya kuambiwa. Kile kigezo cha mwisho ndicho kinachomtenganisha aliyefikia na aliyezidisha, na ni ajabu kwamba vigezo vingi huishia kumtuza aliyepamba.

Si suala la usafi wa karatasi. Katika hesabu ya mwisho wa Gredi ya 9, mtihani wa KJSEA unabeba asilimia 60, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 asilimia 20, na asilimia 20 nyingine inatoka kwenye tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 6, KPSEA. Sehemu ya tano ya alama za mtoto imo mikononi mwa walimu wanaovisoma vielezi hivyo kila mmoja kivyake. Isitoshe, viwango vile vinne hugawanywa viwiliviwili vikawa 8. Ikiwa walimu wawili hawakubaliani kwenye vinne, hebu fikiria kwenye vinane.

Kwa habari ya masomo yaliyounganishwa, mtathmini hufanya kama fundi cherehani anayeigeuza nguo ndani nje ili atazame mishono. Huweka muundo wa zamani wa Kompyuta kando ya ule mpya, akafuata kila mada ndogo: hii imeingia, hii imefupishwa, hii imeanguka. Halafu huleta muundo wa Hisabati. Mchoro wa oblikwi unataka pembe, kwa kawaida digrii 45, na uchoraji wa kupunguza ukubwa unataka uwiano. Je, mwalimu wa Hisabati atakuwa amefika huko katika muhula huo, au mwalimu wa Pre-Tech atalazimika kufundisha uwiano harakaharaka kipindi chake kikiyeyuka? Hakuna msomaji anayefurahia kulinganisha majedwali mawili mwezi kwa mwezi. Ni kazi ya kuumiza macho, na mara nyingi haitoi chochote ila uthibitisho kwamba mambo yako sawa. Uthibitisho huo nao una thamani, ingawa hautajwi kwenye muhtasari wa ripoti.

Kisha kuna kilichokosekana. Elliot Eisner, aliyefundisha Stanford, aliandika mwaka 1979 kwamba shule hufundisha pia kwa yale isiyoyafundisha, na kuyaacha huko ni sehemu ya mtaala. Waswahili wangemwambia asiyekuwepo na lake halipo. Kuona kilichopo kunahitaji macho, ila kuona kisichokuwepo kunahitaji kuujua mtaa. Mtathmini anayeijua Nairobi atasoma kurasa za zana na malighafi akiwa na Kamukunji kichwani, wale mafundi wa jua kali wanaofua mabati ya mapipa kuwa masanduku na majiko, na atauliza: ukarabati uko wapi? Mtoto atajifunza kutengeneza kitu kipya, lakini teknolojia anayokutana nayo kila siku ni simu iliyopasuka kioo, pasi iliyokatika waya, redio inayokwaruza. Kufungua, kutafuta hitilafu na kufunga tena ni ustadi wenye nidhamu yake. Kuutaja mara moja katika shughuli za mada moja hakuutoshi. Vilevile atauliza juu ya data. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na usalama wa data unatajwa darasani, ila kumfundisha mtoto kuficha nywila ni jambo moja, na kumfundisha aulize programu ya bure inapata wapi pesa ni jambo jingine. Hapa maoni yangu ni makali kuliko ya watathmini ninaowafahamu. Wao huandika "inapendekezwa kuzingatiwa". Mimi ningeandika "limesahaulika".

Upole wao lakini hautokani na woga, unatokana na kumbukumbu. Mfumo wa elimu uliotangulia CBC, ule wa 8-4-4 ulioanza 1985 kufuatia ripoti ya tume ya Mackay ya 1981, nao ulikuja na useremala, ushonaji, kilimo na sayansi kimu. Wazazi wakaitwa kwenye harambee za kujenga karakana. Sehemu nyingi kuta zilisimama, zana zikachelewa au hazikuja, mzigo wa masomo ukalemea, na baadaye masomo hayo ya vitendo yakapunguzwa. Aliyeyaona hayo hawezi kuandika ripoti inayotaka "vifaa vya kisasa" na kuishia hapo. Ataandika kwamba shule hii inahitaji guni 8, jiliwa 4 na kabati 1, na kwamba bila kabati vitu 12 vya kwanza visinunuliwe. Ataeleza pia kipi kinaweza kufanyika kesho kwa mbao za masalio kutoka kwa seremala wa sokoni. Mapendekezo ya namna hiyo hayapendezi kwenye mkutano wa wanahabari, ila mwalimu mkuu anaweza kuyatekeleza kabla ya muhula kwisha.

Kundi la kwanza lilifanya KJSEA mwishoni mwa 2025, na Januari 2026 likaingia Gredi ya 10, likigawanyika katika mikondo mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Kwa wengi mjadala ulihamia kwenye nafasi za shule na karo. Kwa mtathmini ndipo safu ya mwisho ya jedwali ilipofunguka, ile ambayo haikuchapishwa. Je, mwalimu wa Gredi ya 10 analazimika kuanza upya kuwaonyesha jinsi guni inavyoegemezwa kwenye ukingo? Akiuliza kitalu kikiondolewa paka atafanya nini, wangapi wanatazama vitalu na wangapi wanatafuta kipanya? Majibu hayo hupatikana katika wiki za kwanza za muhula, kabla walimu hawajaziba mapengo wenyewe na kusahau yalikuwa wapi.